Landrova huwashwa mwisho: kukagua breki za gari la zamani kabla ya kupiga stata

Landrova ya baba mdogo ilikaa nyuma ya migomba huko Marangu kwa miaka mitano. Kuku walitaga kwenye siti ya nyuma, boneti ikaota ukungu wa kijani, na kila Krismasi tulipopanda nyumbani hakukosekana mtu wa kusema, "Hii ikipata betri tu, inaondoka." Alikuwa anasema kweli. Mwaka nilipopanda na betri, iliwaka kwa jaribio la nne, ikatoa wingu la moshi, watoto wakashangilia. Nikakanyaga breki, pedali ikawa ngumu kama jiwe. Nikaridhika. Nikatia gia ya kwanza, nikasogea kama mita kumi kuelekea getini, nikakanyaga tena. Safari hii pedali ilishuka mpaka kwenye bati la sakafu bila kupinga chochote. Kilichotusimamisha ni mgomba.

Baba mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia, "Mwanangu, Landrova huwashwa mwisho."

Nimefuata agizo hilo tangu siku ile, na mwongozo huu umepangwa kwa utaratibu huohuo: karibu kazi yote inafanyika injini ikiwa imezimwa. Ninaizungumzia Landrova ya Series, yaani II, IIA na III, zilizotengenezwa kati ya 1958 na 1985, kwa sababu ndiyo ninayoijua kwa mikono yangu. Bado ziko nyingi kwetu: za misheni, za mashamba ya kahawa, zile zilizowahi kuwa za serikali na kuuzwa kwa mnada. Tamasha la Landrova lililofanyika Arusha Oktoba 2024 liliwatoa wengi waliokuwa wamezificha uani. Mwenye Peugeot 404 au Volkswagen kobe atakuta mengi humu yanamhusu, isipokuwa habari ya hendibreki. Hiyo ni ya Landrova, na ndiyo nitakayoisema kwanza kwa sababu inaweza kukuua kabla hujafika kwenye breki zenyewe.

Weka mawe, usiiamini hendibreki

Kwenye magari mengi hendibreki inashika matairi ya nyuma. Kwenye Landrova ya Series haishiki tairi lolote. Kuna ngoma moja ndogo nyuma ya transfa boksi, ile gia boksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, na hiyo inashika propela shafti ya nyuma. Shafti ikishikwa, difu inashikwa, na difu ndiyo inayoshika matairi mawili ya nyuma kwa pamoja.

Sasa nyanyua tairi moja la nyuma kwa jeki. Shafti bado imeshikwa, lakini kazi ya difu ni kuruhusu tairi moja lizunguke huku na jingine kule. Lile lililo hewani liko huru, kwa hiyo lililo chini nalo linakuwa huru. Gari linaondoka juu ya jeki, hendibreki ikiwa imevutwa mpaka mwisho, na wewe uko chini ya eksili. Jambo hilohilo hutokea kama shafti ya ndani ya eksili imekatika, na Landrova hizi zinajulikana kwa kukata shafti hizo. Utavuta hendibreki, itakaza vizuri mkononi, na gari litateremka.

Kwa hiyo kabla ya lolote tafuta uwanja ulio sawa, weka mawe au magogo mbele na nyuma ya matairi yatakayobaki chini, na uyasukume kwa mguu yakae barabara. Ukiweka gia nzito ya transfa, matairi ya mbele nayo yanaunganishwa na kusaidia kushika, mradi kama gari lina habu za kufunga na kufungua kwa mkono, ziwe zimefungwa. Hata hivyo usiyatoe mawe. Na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi chini ya eksili.

Breki hufa gari likiwa limesimama

Watu husema, "Gari lilikuwa zima nilipoliegesha." Mimi huliogopa zaidi gari la namna hiyo kuliko daladala linalokimbia kila siku, kwa sababu ya kile kilichomo kwenye paipu.

Neno letu "mafuta ya breki" linatudanganya. Hayo si mafuta kama ya injini. Ni kemikali inayopenda maji. Huyanyonya kutoka hewani kupitia kifuniko cha kopo lake na hata kupitia raba za hozi. Madaraja yake huandikwa DOT kwenye chupa. DOT 3 ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka hadi kama 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Kwenye mteremko mrefu breki hupata joto, yale maji yanageuka mvuke, na mvuke hubonyea. Unakanyaga, unabonyeza mvuke, breki hazishiki.

Gari lisilotembea lina tatizo jingine. Maji hayo hutulia ndani ya silinda na kuzipiga kutu. Pale pistoni ilipokaa miaka yote panabaki pasafi, lakini mbele yake pana vidonda vya kutu. Siku unapokanyaga kwa nguvu, raba ya pistoni inavuka mpaka wake wa kawaida, inapita kwenye ile kutu na kuchanika. Ndicho kilichonipata Marangu: mara ya kwanza pistoni ilikuwa imegandia, nikadhani nina breki, ilipoachia, ilichana raba zake.

Kwa hiyo kuna kosa moja la kuepuka kuanzia sasa: usiipampu pedali ya gari lililolala mpaka sakafuni. Kata kipande cha mti chenye unene wa vidole vitatu hivi, ukiweke chini ya pedali, na kikae hapo mpaka utakapojua hali ya masta silinda, ile pampu kuu inayosukumwa na pedali.

Kopo

Kwenye Series II na IIA nyingi kopo moja hulisha breki na klachi, kila kimoja na chumba chake. Series III mara nyingi hutenganisha. Futa vumbi pembeni ya kifuniko kabla ya kukifungua, la sivyo mchanga wote unaingia ndani.

Angalia kiasi, halafu rangi. Mapya yana rangi ya asali nyepesi. Yakiwa kama chai ya rangi, yamezeeka. Yakiwa meusi na yenye matope chini, raba zimeanza kuyeyuka au kutu imeingia. Halafu nusa na uguse. Ukiona utando wa mafuta unaoteleza na kuelea, kuna mtu ameongeza oili ya injini au ya gia, na hiyo ni habari mbaya kuliko zote, kwa sababu mafuta ya madini huvimbisha raba za breki. Hapo hakuna kusafisha. Raba zote kuanzia masta mpaka kwenye magurudumu, pamoja na hozi, zinabadilishwa. Nimemwona dereva akiongeza oili ya injini njiani kwa moyo mweupe kabisa, kwa sababu tu yote mawili yanaitwa mafuta.

Kama kiasi kimepungua, usiongeze na kusahau. Kiasi hushuka kidogo jinsi lainingi, zile nyama za brekishuu zinazosugua ngoma, zinavyolika, lakini kopo lililokauka lina maana moja: kuna mahali panavuja. Na Landrova nyingi za Series zina njia moja tu ya mafuta kwa matairi yote manne. Paipu moja ikipasuka, hakuna ya akiba. Marekani ililazimisha magari mapya kuwa na njia mbili tangu 1968; Landrova ya baba mdogo, ya 1976, bado ina moja.

Lala chini na tochi

Mlango wa masta uko kwenye miguu ya dereva. Gusa sehemu ambayo fimbo ya pedali inaingia na uone kama kuna unyevu. Ukiona rangi imebanduka kwenye bati chini yake, masta inavuja. Mafuta ya breki hula rangi, kwa hiyo rangi iliyobanduka ni ushahidi hata kama leo pamekauka.

Fuata paipu za chuma kutoka hapo mpaka nyuma. Zinapita juu ya chesisi, na pale zinaposhikwa kwa klipu ndipo matope hukaa na kutu huanzia. Kwaruza kwa ukucha au bisibisi. Kutu ya juu juu si kitu. Ikibanduka kwa magamba na kuacha mashimo, paipu hiyo ni ya kubadilisha. Gari lililoishi Tanga, Mombasa au Zanzibar likague mara mbili, chumvi haina huruma. Ukibadilisha, paipu ya mchanganyiko wa shaba na nikeli haishiki kutu. Paipu ya shaba ya friji iliyounganishwa kwa viungo vya bomba la gesi nimewahi kuikuta kwenye gari la mtu. Sijui aliyeiweka alilala vipi usiku.

Hozi za raba ziko tatu kwenye gari la kawaida: mbili mbele, moja nyuma juu ya eksili. Zikunje. Ukiona nyufa kwenye mkunjo, badilisha. Mwambie mtu akanyage pedali taratibu huku wewe ukiangalia. Hozi ikivimba kama shingo ya chura, badilisha. Kuna ugonjwa mwingine usioonekana kwa nje. Hozi huzeeka ndani, nyama yake ikabanduka na kuwa kama kifuniko: mafuta yanapita ukikanyaga, hayarudi ukiachia. Tairi hilo linabaki limeshikwa. Dalili yake utaikuta mwishoni, kwenye kipimo cha joto.

Maliza kwa kuchungulia nyuma ya kila gurudumu, kwa ndani. Unyevu ukionekana, uguse na unuse. Oili ya gia ni nzito na ina harufu kali ya salfa. Hiyo imetoka kwenye sili ya habu au, mbele, kwenye tufe la usukani. Mafuta ya breki ni mepesi na hayana harufu hiyo. Hayo yametoka kwenye silinda ya gurudumu. Vyovyote iwavyo, yakifika kwenye lainingi breki za upande huo hazina kazi tena.

Sikiliza pedali

Injini imezimwa, kipande cha mti kipo. Kanyaga polepole kwa uzito wa mguu, si kwa hasira.

Pedali ikishuka mbali lakini ikapanda juu ukiipampu mara mbili tatu, kwa kawaida brekishuu ziko mbali na ngoma. Ni tatizo la kurekebisha, na ndilo linalozikumba Landrova nyingi kuliko yote kwa sababu ngoma hizi hazijirekebishi zenyewe.

Ikiwa laini kama unakanyaga andazi, kuna upepo kwenye paipu.

Ikiwa ngumu na nzuri lakini inazama taratibu ukiishikilia kwa dakika moja, kuna kinachovuja. Kama chini kote ni pakavu, inavuja ndani kwa ndani, kwenye masta. Huu ndio ugonjwa unaowadanganya wengi, kwa kuwa mtu hukanyaga mara moja kwa haraka, akasikia ugumu, akaondoka. Shikilia dakika nzima, kwa saa.

Na kama pedali haina uchezaji hata kidogo kabla ya kuanza kusukuma, hiyo nayo si sifa. Lazima pawe na nafasi ndogo, ya milimita moja hivi, kati ya fimbo ya pedali na pistoni. Nafasi isipokuwepo, pistoni haifiki nyumbani, tundu la kurudishia mafuta linabaki limezibwa, na jinsi mafuta yanavyopata joto ndivyo breki zinavyojikaza zenyewe barabarani.

Fungua ngoma

Hapa ndipo watu huchoka na kusema pedali ilikuwa nzuri, inatosha. Haitoshi. Gari lililolala zaidi ya mwaka, fungua ngoma zote nne.

Legeza nati za tairi likiwa chini, nyanyua, weka stendi, toa tairi. Ngoma imeshikwa na skrubu tatu zenye kichwa bapa. Zipigie nyundo kidogo kupitia bisibisi nene kabla ya kuzizungusha, la sivyo utaharibu vichwa. Legeza ajasta ya nyuma ya bati, ile ya kusogeza brekishuu karibu au mbali na ngoma, ili zirudi ndani, kisha gonga ngoma kwa nyundo ya mti kuizunguka. Nyundo ya chuma kwenye ukingo wa ngoma ya chuma cha kalibu huleta ufa.

Vumbi: usilipulize kwa kompresa, wala usiligonge sakafuni kama mafundi wetu wengi wanavyofanya. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ile iliyopigwa marufuku Uingereza 1999 na Umoja wa Ulaya wote 2005 kwa sababu ya saratani ya mapafu. Gari la 1976 lenye lainingi za enzi yake, chukulia kwamba ni asbesto. Lowesha kwa maji yenye sabuni, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupwe ndani ya mfuko uliofungwa. Watoto wakae mbali.

Kisha tazama. Lainingi iliyopigwa riveti, kama uso umekaribia vichwa vya riveti, imekwisha. Iliyogundishwa, sukuma ukingo wake kwa bisibisi. Gundi ya miaka arobaini huachia, na lainingi iliyoachia hukwama ndani ya ngoma na kulifunga gurudumu. Iliyoloa oili, badilisha, na ubadilishe pande zote mbili za eksili. Kuna wanaozichoma kwa moto wa petroli ili oili itoke. Oili hurudi juu siku zikipata joto, kwa kawaida siku ya mteremko.

Inua kidogo ukingo wa raba ya vumbi kwenye silinda ya gurudumu. Unyevu mdogo unaweza kuvumiliwa mpaka wiki ijayo kwenye gari la uwanjani. Kwenye gari la kwenda barabarani hauvumiliki. Silinda yenye mashimo ya kutu haifai kwa kusuguliwa msasa na kuwekewa raba mpya. Nunua nzima. Na ukiosha sehemu za ndani tumia mafuta ya breki mapya au spiriti, kamwe si petroli wala dizeli. Hizo huvimbisha raba.

Ukibadilisha brekishuu, piga picha ya springi kabla ya kuzitoa. Fungua upande mmoja kwanza, wa pili ubaki kuwa kielelezo. Kwa kawaida Landrova fupi ya inchi 88 ina ngoma za inchi 10, ndefu ya 109 ina za inchi 11, na vifaa vyake haviingiliani. Muuza spea akikuambia "zote sawa tu", pima mwenyewe.

Kaza ajasta

Hii ni dakika ishirini ya kazi inayobadilisha gari zima. Gurudumu likiwa hewani na tairi limerudishwa, zungusha ajasta nyuma ya bati mpaka tairi lisizunguke kabisa, kisha rudisha kidogo kidogo mpaka lizunguke kwa uhuru. Mwisho wa kila hatua mtu akanyage breki mara moja ili brekishuu zijiweke katikati, halafu rudia. Landrova fupi ina ajasta moja kwa kila gurudumu. Ile ndefu ina mbili, angalau kwenye magurudumu ya mbele, na nimeona magari yaliyokuwa yakivuta upande mmoja miaka mingi kwa sababu tu mtu alikaza moja akasahau ya pili.

Mlio mdogo wa kukwaruza sehemu moja ya mzunguko si neno. Ngoma za zamani si duara kamili. Kukwaruza mzunguko mzima, rudisha kidogo.

Toa upepo, na utoe mafuta ya zamani

Kama hujui mafuta yaliwekwa lini, yatoe yote. Lita moja ya DOT 4 kutoka kwenye chupa ambayo hujawahi kuifungua inatosha. Ile nusu chupa iliyokaa kabatini tangu mwaka juzi imeshakunywa maji yake. Usiweke DOT 5. Ni ya silikoni na haichanganyiki na hizi nyingine. DOT 5.1, licha ya jina, ni ya familia ya DOT 3 na 4.

Nipeli za kutolea upepo huwa zimeganda. Mimina mafuta ya kupenyeza kutu jana yake, na tumia spana ya duara, si ya mdomo wazi. Ikikatika, umepata kazi ya siku nzima.

Anza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Kwa Landrova yetu yenye usukani kulia, ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, kisha mbele kulia. Chomeka mpira mwembamba kwenye nipeli, mwisho wake uzame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Halafu ule wimbo unaojulikana kila gereji: "Kanyaga! Shika!" Unafungua nipeli, mafuta na mapovu yanatoka, unafunga, ndipo unasema, "Achia!" Anayekanyaga akiachia kabla hujafunga, unavuta hewa ndani na kuanza upya. Kila baada ya mara tano sita ongeza mafuta kwenye kopo. Mimi huwa sifanyi kazi hii na mtu mwenye simu mkononi.

Yaliyotoka usiyarudishe kwenye kopo, hata yakionekana safi. Na yakidondoka kwenye rangi, mwaga maji mengi mara moja.

Hendibreki yenyewe

Ingia chini uangalie ile ngoma ndogo nyuma ya transfa boksi. Oili ikiwa inadondoka hapo, sili ya nyuma ya transfa imechoka na brekishuu zake zimelowa. Ni kawaida mno, hadi kuna wanaosema Landrova isiyovuja imeishiwa oili. Mzaha ni mzuri lakini hendibreki iliyolowa haishiki.

Ajasta yake iko kwenye bati la nyuma. Kaza mpaka ishike, rudisha mibofyo miwili. Kisha ijaribu kwenye mteremko mdogo: mtu amesimama pembeni na jiwe tayari, asisimame nyuma ya gari, vuta hendibreki, weka nyutro, achia pedali polepole. Na usiivute kamwe gari likiwa linatembea, labda mengine yote yamekwisha; inaupiga mfumo wote wa shafti kwa mshtuko mmoja.

Sasa piga stata

Toa kile kipande cha mti. Kama gari lako lina buta la kusaidia breki, lile kopo kubwa jeusi mbele ya pedali, fanya hivi: injini ikiwa imezimwa pampu pedali mara nne tano mpaka iwe ngumu, ishikilie, kisha washa. Pedali inapaswa kuzama kidogo chini ya mguu. Isipozama, buta au hozi yake ya upepo ina tatizo. Landrova nyingi fupi hazina kitu hiki, na ugumu wa pedali yake ndiyo hali yake. Usitegemee isimame kama gari la juzi.

Jaribio la kwanza ni uani, mwendo wa kutembea kwa miguu, mara kumi. La pili ni barabara tambarare isiyo na watu. Jumapili alfajiri inafaa. Kwa kilomita 20 kwa saa, kanyaga taratibu huku mikono imeshika usukani kwa wepesi. Usukani ukivutwa kushoto, breki ya kushoto inashika zaidi, na mara nyingi mgonjwa ni yule wa kulia: amelowa, amegandia, au ajasta yake haijakazwa. Likienda sawa, panda 40. Ukiwa na brekishuu mpya, simamisha hivyo mara ishirini ukiacha zipoe katikati, ili zikae kwenye ngoma.

Endesha kilomita tano, simama bila kutumia breki sana, teremka. Sogeza mgongo wa mkono karibu na kila ngoma, usiguse. Zote nne ziwe na joto linalokaribiana kwa jozi, za mbele zikizidi. Moja ikiwaka moto peke yake inakwaruza: ajasta imekazwa mno, springi imechoka, au ni ile hozi iliyoziba ndani. Moja ikiwa baridi, hilo gurudumu halifanyi breki kabisa, na mengine matatu yamekuwa yakilificha.

Ukishavuka hapo ndipo uifikirie safari. Mlima Kitonga au kona za Soni kwenda Lushoto ni hesabu nyingine. Ngoma ikipata joto hutanuka na kuikimbia brekishuu, pedali inashuka zaidi kila kona. Teremka kwa gia ileile ambayo ungepandia, kanyaga kwa nguvu na kwa muda mfupi kisha achia zipoe, wala usiteremke kwa nyutro ili kuokoa mafuta. Baada ya kuvuka mto au dimbwi refu, kanyaga kidogo huku ukitembea mpaka uhisi zimeanza kushika tena, kwa kuwa ngoma huyabeba maji ndani yake.

Rudi kwenye kopo baada ya siku moja, na baada ya wiki. Weka alama ya kalamu kwenye kiwango ulichokiacha. Na kama gari linarudi kulala nyuma ya migomba miezi mingine sita, usilifunge hendibreki, brekishuu zitagandia kwenye ngoma. Weka gia, weka mawe. Yale ya Marangu yapo mawili, ya mtoni, na baba mdogo ameyapaka rangi nyeupe ili watu wasiyachukue kujengea mafiga.